Mwalimu Aliyeingia Kibandani

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Mwalimu hakuwahi kuketi kwenye saluni yangu. Alikuja karibu kila Ijumaa kumchukua mke wake, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Nimemfuata mama," kana kwamba amefuata mtoto shuleni. Nikimwambia, "Mwalimu, karibu kiti," alijibu, "Asante, mwanafunzi. Mimi ni mtu wa kusimama." Kama nywele hazijaisha, alivuka barabara akaenda kusimama kwenye kibaraza cha duka la dawa, mikono mgongoni, akitazama malori yanayongoja kuingia Kenya. Angeweza kusimama hivyo mpaka jua limfuate na kumpata pale pale.

Aliniita mwanafunzi kwa sababu alinifundisha Tororo nilipokuwa shule ya msingi. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Buteba, nami nilikuwa nimeshafungua saluni Busia, upande wetu wa Uganda, hatua chache tu kutoka mpakani. Nilikuwa mama wa watoto watatu na bado nilificha simu nilipomwona anakuja. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mfukoni mwake kulikuwa na kalamu nyekundu, ingawa hakuwa na madaftari ya kusahihisha tena. Alisahihisha watu.

Sisi wa Busia tunasema Kiswahili cha barabarani. Mkenya anakuja na chake, Msamia na chake, Mteso na chake, tunakutana katikati na biashara inaendelea. Tunasema "kitabu yangu", "viatu yake", na hakuna anayekosa usingizi. Mwalimu ndiye aliyekosa. Siku moja mwendesha boda nusura amgonge mbele ya saluni yangu, akamfokea, "Mzee, toka kwa barabara! Unataka gari ikupasue kichwa yako?"

"Kichwa chako," Mwalimu akasema, bila kusogea.

"Ndiyo, kichwa yangu!"

"Hapana. Chako ni chako, changu ni changu. Ulitaka kusema gari lipasue kichwa changu. Sema tena."

Walipomaliza, boda ilikuwa imezimwa na kuegeshwa, na yule kijana alikuwa amevua helmeti, akirudia kama yuko darasani. Kuanzia siku hiyo alimsalimia Mwalimu kila alipompita.

Lakini nyumbani na mkewe alisema Kisamia tu, tena Kisamia cha haraka, cha utani, ambacho huku nje hatukukisikia. Na kanisani, ambako ndiye aliyesoma masomo kwa Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula, ikifika wakati wa sala ya kimoyomoyo midomo yake ilicheza kwa Kisamia. Nilimwuliza sababu. Akaniambia Mungu hana haja ya kusahihishwa.

Alikuwa mkali. Sitaki kumpaka asali kwa kuwa hayupo. Kule Tororo alituchapa kwa kuchelewa, kwa uchafu wa kucha, na zaidi ya yote alituchapa kwa kwenda kwenye vibanda vya video. Jumatatu asubuhi aliuliza tu, "Nani alikuwa kibandani?" na tukajitokeza wenyewe, maana uso wake ulijua. Alisema mle ndani watu wanajifunza kupiga kelele kabla ya kuelewa. Kelele ya mtu asiyeelewa ilimuumiza kama jino.

Na huyu huyu, Alhamisi mchana, kama tumefanya vizuri, alifungua kitabu cha hadithi cha Kiingereza, akasimama mbele yetu na kukisoma kwa Kiswahili moja kwa moja, sentensi kwa sentensi, kana kwamba kimeandikwa hivyo. Alibadilisha sauti akiwa mfalme, akabadilisha akiwa mjakazi. Akifika mahali ambapo hatuwezi kupumua, alifunga kitabu na kutoka nje. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hiyo ndiyo kazi inayofanywa kibandani. Sidhani kama alijua. Au labda alijua, na ndiyo sababu ya ule ukali. Sikuwahi kulipata jibu.

Mwalimu alimpeleka kijana wake wa mwisho chuo cha ualimu. Kijana alikaa huko mwaka mmoja, akarudi Busia, akashika kipaza sauti. Akawa vijei, yaani yule anayekaa kando ya skrini na kuwafasiria watazamaji filamu ya kigeni inapoendelea, huku akitia chumvi na pilipili yake. Kibanda alichofanyia kazi kilipakana na saluni yangu. Katikati kulikuwa na ukuta wa mbao tu.

Mwalimu hakugomba. Aliacha tu kumtaja. Mtu akimwambia, "Mwalimu, tumemsikia kijana wako, anatuvunja mbavu," alimjibu kwa upole, "Mimi nina mabinti wawili," kisha akaendelea na safari yake. Nilimsikia akilisema hilo kwa masikio yangu mwenyewe, na mkewe amesimama kando yake. Mama aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Ndiyo maana mama alisuka nywele kila Ijumaa. Nywele zenyewe zilikuwa chache, nyepesi kama za mtoto, hazikuhitaji mkono wangu mara nyingi hivyo. Lakini Ijumaa mchana ndipo filamu mpya zilipofunguliwa, na kiti changu kilichoegemea ukuta wa mbao kilikuwa chake. Alikaa, akafumba macho, akamsikiliza mwanawe. Kijana akitia mzaha, mama aliziba mdomo kwa kanga na mabega yakacheka. "Suka polepole, mwanangu," aliniambia. "Sina haraka." Na ng'ambo ya barabara mumewe alisimama akipigwa na jua, mahali ambapo sauti ya kibandani ilimezwa na injini za malori. Wala hakuvuka mpaka filamu iishe na watu watawanyike.

Sasa nieleze kuhusu hizo filamu, maana bila hizo sitaeleweka. Zilikuwa za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, na zilitoka kwa kampuni mbili za ng'ambo ambazo, kama tulivyoambiwa, hazisalimiani. Majina tuliyowaita si ya kwao. Ni kijana aliyewabatiza. Kampuni moja ilikuwa na Kobe, lile pandikizi la mtu lenye mgongo usiopenya risasi. Nyingine ilikuwa na Binti Moshi, msichana anayeweza kugeuka moshi na kupita penye tundu la ufunguo. Wakenya waliovuka kuja kutazama, hasa wale wabadilisha pesa wa mpakani, walikuwa watu wa Kobe kufa na kupona. Wetu wengi walikuwa wa Binti Moshi. Mabishano yaliingia mpaka saluni kwangu. Niliwahi kuachiwa kichwa nusu kimesukwa, mwenye kichwa ametoka nje kumjibu Mkenya.

Kila filamu ilipoisha, kijana aliwaambia neno moja: "Jamani, msigombane. Siku moja hawa wawili watakutana kwenye filamu moja, na siku hiyo humu ndani hapatakalika."

Walimzomea kwa mapenzi. "Wewe vijei, ni kama kusema Busia hii na Busia ile ziwe mji mmoja!"

"Subirini," akasema. "Mimi nimewaambia."

Mwisho wa wiki alibeba projekta na jenereta akashuka Majanji, ziwani, kuwaonyesha wavuvi. Walimpenda sana kule. Siku moja watu wa kisiwani walimwomba avuke, naye akavuka nao, na upepo ukaikuta mashua katikati ya maji ikiwa imelemewa. Wengine waliogelea. Yeye aliletwa ufukoni baadaye.

Tulimzika Buteba. Mwalimu alisimama kando ya kaburi na shati lake jeupe, macho makavu, akipokea pole kama mtu anayepokea karatasi za mtihani. Kisha wakaanza kuwasili watu wa kibandani. Walikuja na pikipiki, walikuja kwenye tela la trekta, walikuja kwa miguu kutoka Lunyo. Wavuvi wa Majanji walikuja wakinuka samaki, hawakuwa wamepata nafasi ya kubadilisha nguo. Wakenya walivuka mpaka wakiwa na fulana za Kobe, maana ndizo nguo nzuri walizokuwa nazo za kumuaga. Mwalimu aliwatazama wakijaa kwenye migomba yake. Akaniita kando.

"Hawa ni akina nani?"

"Ni watu wake, Mwalimu."

"Watu wake wa wapi?"

"Wa kibandani."

Mwalimu akaenda akawapa mkono, mmoja baada ya mwingine, wote. Alipofika kwa mbadilisha pesa mmoja mnene, Mkenya, yule bwana alishindwa kujizuia, akalia kwa sauti, akamshika Mwalimu mabegani. "Pole, mzee wangu. Huyu alikuwa wetu. Aki ya Mungu, alikuwa wetu." Mwalimu alikaa ndani ya mikono yake bila kujua aweke wapi ya kwake.

Baada ya msiba mama aliendelea kuja Ijumaa. Alikaa kwenye kiti kile kile. Upande wa pili wa ukuta walionyesha mpira, au filamu zenye sauti za watu wengine zilizorekodiwa Kampala. Hakuniambia tena nisuke polepole. Nami nilisuka polepole.

Kisha ile filamu ikatoka.

Habari zilianza kwenye simu. Vijana walisimama katikati ya barabara wakionyeshana picha, wakishikana vichwa. Kampuni zile mbili zimepatana. Kobe na Binti Moshi kwenye filamu moja, na si wao tu: wamemrudisha na Kengele, yule shujaa wa filamu za zamani ambaye sisi tuliokwenda kibandani kwa kuiba tulichapwa viboko kwa ajili yake. Mwigizaji wake alikuwa amezeeka, mvi kichwa kizima. Mji mzima ulijua Jumamosi gani itaonyeshwa. Na kila aliyeitaja aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba vijei alisema.

Mwenye kibanda, mama mmoja wa Lunyo, alikuwa amempigia Mwalimu simu mara nyingi aje kuchukua vitu vya mwanawe: koti, viatu, kipaza sauti chake. Mwalimu aliahirisha na kuahirisha. Mwishowe alikuja, na kwa kuwa hakujua lolote la filamu, alikuja Jumamosi ile ile, mchana. Mimi nilikuwa nimefunga saluni, niko mlangoni mwa kibanda nimebanwa na watu, nikamwona akipenya na kofia mkononi.

Ndani palikuwa na fujo. Watu walikuwa wamekaa mpaka sakafuni, wakipiga mabati na kuimba, "Ma-ne-no! Ma-ne-no!"

"Wanapigia nini kelele?" Mwalimu akauliza.

"Samahani, Mwalimu, umekuja siku mbaya," mwenye kibanda akamwambia. "Filamu ninayo, lakini sina mtu wa kuifasiri. Yule wa Mbale ameniahidi na hakuja. Nimewaambia waitazame hivyo hivyo kwa Kiingereza, hawataki."

"Hawaelewi Kiingereza?"

"Wachache. Wengine ni kukisia tu."

Mwalimu aliwatazama. Niliujua uso ule. Ndio uso aliokuwa nao Tororo alipopita kwenye darasa lisilo na mwalimu na kukuta watoto wanarushiana chaki. "Watu wote hawa," akasema, na sasa alikuwa amekasirika, "wamekaa wanangoja kuelezwa, na hakuna wa kuwaeleza?"

Kisha akamgeukia mama wa Lunyo.

"Kipaza sauti kiko wapi?"

Akampa kile alichokuwa amekuja kukichukua. Mwalimu aliweka kofia juu ya spika, akasimama kando ya skrini. Kelele zilikatika kama zimekatwa kwa panga.

"Hamjambo," akasema.

"Hatujambo, Mwalimu!" Nusu ya kibanda walijibu kwa pamoja, maana nusu yao walikuwa wamepita mikononi mwake.

Alikuwa mbaya, masikini. Alifasiri kama anayesomesha imla. "Mwanamume huyu mnene anasema kwamba hatarudi. Mwanamke anamwuliza kwa nini hatarudi. Mwanamume hataki kujibu." Watu walianza kucheka, kwanza kwa chinichini.

"Mwalimu, huyo ni Kobe!" mtu akapaza sauti.

"Kobe yupi?"

"Huyo mkubwa! Mgongo yake haipenyi risasi!"

"Mgongo wake," Mwalimu akasema kwenye kipaza sauti, "haupenyi risasi. Asante. Kobe anasema kwamba hatarudi."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko, na kikawa chake. Wakaanza kumsaidia. Akitokea mtu kwenye skrini, walimtajia jina lake, akikosa kuelewa kwa nini fulani anamchukia fulani, walimweleza kwa mkato filamu mbili tatu zilizopita, naye akaitikia, "Haya, nimeelewa, tuendelee." Sijawahi kuona darasa likimfundisha mwalimu kwa heshima namna ile.

Ikafika pale Kobe amepigwa, amepiga magoti katikati ya mji uliobomoka, adui zake wamemzunguka. Chini ya mlango mmoja, kwa mbali, ukaanza kupenya moshi mwembamba. Watu waliuona kabla yake. Nilisikia mluzi mmoja, kisha pumzi za kibanda kizima zikivutwa.

"Hapa pana moshi," Mwalimu akafasiri kwa makini. "Inaonekana nyumba inaungua."

Sitasahau sauti iliyotoka. Mabenchi yalianguka, moja likavunjika. Yule mbadilisha pesa mnene alimwinua juu juu mwendesha boda wetu, mtu aliyegombana naye miaka yote, akamzungusha. Mama muuza mahindi alipiga vigelegele. "Si nyumba, Mwalimu! Ni yeye! Ni Binti Moshi!" Mabati yalipigwa kote, watu wazima walikumbatiana wakiruka, na mwanamume mmoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili. Kisha mtu kutoka nyuma akapiga ukelele, "Alisema! Vijei alisema watakutana!" na wengine wakaupokea, "Alisema! Alisema!" mpaka likawa neno hilo tu.

Mwalimu aligeuka akawatazama. "Nani alisema?" akauliza, na kipaza sauti kikalisambaza swali.

Wakanyamaza kidogo kidogo. Kwenye skrini Kobe na Binti Moshi walikuwa wakizungumza kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na hakuna aliyewasikiliza.

"Kijana wako, Mwalimu," mbadilisha pesa akasema. "Miaka yote alituambia siku hii itakuja. Sisi tulimcheka."

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Humu?"

"Hapo hapo uliposimama."

Mwalimu alitazama chini, miguuni pake. Kisha akaigeukia skrini, akakohoa. "Haya," akasema. "Binti Moshi anamwambia Kobe amsamehe kwa kuchelewa. Njia ilikuwa ndefu."

Hakuna aliyemcheka tena baada ya hapo. Mwisho wa filamu, mzee Kengele alibaki peke yake langoni ili wale vijana wapate nafasi ya kutoroka. Aliwaambia neno fupi, kwamba watangulie, naye atawafuata. Kila mtu alijua hatawafuata. Mwalimu alianza, "Anasema..." na sentensi ikamkatikia hapo. Akaanza tena, "Anawaambia..." Akashindwa. Kwenye spika tulisikia pumzi yake tu, ikipanda na kushuka, na filamu inaendelea bila maneno.

"Wacha tu, Mwalimu," mtu mmoja akasema gizani, kwa upole, kwa Kiswahili cha upande wa Kenya. "Tumeelewa."

Kibanda kizima kililia. Wapo waliomlilia Kengele, maana ni utoto wao uliokuwa unakufa pale langoni. Wapo waliomlilia vijei, ambao siku ya maziko walijikaza. Mimi nililia na sikujua nimlilie nani. Filamu iliisha, majina yakapita, na hakuna aliyetoka. Wakapanga mstari, wakamwendea Mwalimu kumpa mkono, kama walivyofanya Buteba. Tofauti ni kwamba mara hii aliwauliza majina yao.

Ijumaa iliyofuata mama alifika saluni akiwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ameniambia," akasema. "Ameniambia nyumba iliungua." Akacheka, akaziba mdomo kwa kanga, akaendelea kucheka mpaka ikawa kilio, nami nikaacha nywele nikamshika.

Mwalimu alirudi kibandani Jumamosi nyingine, na nyingine. Hakuwa vijei mzuri kamwe. Hakujua kutia mzaha. Akitia, ulichelewa, watu wakaucheka kwenye tukio lililofuata. Lakini walikuja. Alikataa kusema kama yeye ni wa Kobe au wa Binti Moshi, ingawa mkewe alinidokeza kwamba ni wa Binti Moshi na kwamba wamebishana naye jikoni. Hakumtetea Kengele. "Alikuwa na muda wa kutoka," aliniambia siku moja mlangoni, kwa hasira kabisa, kama anayemsema jirani. "Lango lile lingeshikiliwa na gogo. Kwa nini abaki mwenyewe?" Nikamwambia ni filamu tu. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mwanafunzi aliyekosa swali rahisi.

Watoto waliokuja kibandani siku za shule aliwafukuza yeye mwenyewe, kutoka kwenye kipaza sauti, kwa majina. Mwenye kibanda alilalamika, naye hakumjali.

Mama alitutoka kabla yake, kwa presha, mchana mmoja akiwa shambani. Baada ya hapo Mwalimu alizidi kunyong'onyea. Sukari ilimshika miguu, macho yakaanza kufunga, sikio moja likaziba. Binti yake mkubwa alimchukua akakae naye Tororo. Kibandani waliweka tena sauti za Kampala.

Mara ya mwisho nilimwona huko Tororo. Nilikuwa nimekwenda kununua nywele za kusukia, nikapita kumsalimu asubuhi. Binti yake alikuwa amemtoa uani apate jua. Alikuwa ameketi. Nilikuwa sijawahi kumwona ameketi mbele yangu, na nadhani alilihisi hilo, maana alijaribu kuinuka, nikamwahi.

"Ni mimi, Mwalimu. Wa saluni."

"Nimekujua kwa miguu. Unaburuta viatu tangu darasa la sita."

Tukazungumza habari za mpakani, nani amehama, nani amefariki. Binti alituletea chai akarudi ndani. Mwalimu alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Nataka kukuuliza jambo," akasema. "Wewe ulikaa upande wa pili wa ukuta ule miaka yote. Kijana alikuwa anafanyaje kazi?"

"Alikuwa mzuri sana, Mwalimu."

"Usinijibu kama uko msibani. Nakuuliza kweli. Mimi sikuwahi kumsikia."

Nilifikiri kwanza. Kisha nikamsimulia siku moja ya mvua, umeme ulipokatika katikati ya filamu. Picha ikafa, kipaza sauti kikafa, kibanda kikawa giza, na mvua inapiga mabati mpaka huwezi kujisikia. Watu wakaanza kuinuka. Kijana akasimama juu ya benchi akaendelea, kwa kinywa tu, bila picha, akipaza sauti juu ya mvua. Alimfanya Kobe, alimfanya adui, alifanya farasi na risasi. Nilimwacha mteja wangu na kitana kichwani, nikatoka nikasimama mlangoni pao nalowa. Hakuna aliyeondoka. Umeme uliporudi skrini ikawaka, filamu ikaanza upya yenyewe kutoka mwanzo, na watu wakapiga kelele wote, "Zima! Zima hiyo! Mwache amalize!"

"Wakazima?"

"Wakazima."

"Akamaliza mwenyewe?"

"Akamaliza mwenyewe."

Chai ilikuwa imepoa, nikanyoosha mkono nimpokee kikombe, lakini Mwalimu hakukiachia. Alinisogezea uso wake, upande wa sikio lililobaki zima.

"Anza tena," akasema. "Polepole. Kuanzia pale umeme ulipokatika."

Nikavuta kigoda karibu, nikaanza tena.